Sindano Kabla ya Adhana

Mwanangu Hidaya alianguka tena shuleni siku ya Alhamisi, mwezi wa nane, mwaka ule wa wakimbizi wa Kagunga na kampeni za uchaguzi. Safari hii hakulegea tu kama zile za nyuma. Alipatwa na degedege mbele ya darasa zima la tano, akajing'ata ulimi, na mwalimu mkuu akanipigia simu nikiwa mwaloni Kibirizi nabishana na mtu mwenye nyavu za macho madogo.

"Mama Hidaya, njoo umchukue mtoto," alisema. "Na asirudi mpaka daktari aniambie yuko salama. Hii ni shule, si wodi."

Nilimwachia yule mtu nyavu zake. Nafikiri mpaka leo anaamini alinishinda kwa hoja.

Hidaya ana kisukari tangu akiwa na miaka saba. Si kile cha wazee wanene. Ni kile cha watoto, ambapo mwili hautengenezi kabisa insulini, kwa hiyo bila sindano mtoto hafiki mwisho wa mwezi. Nimesoma diploma ya uvuvi, si ya uuguzi, lakini mkono wangu wa sindano sasa ni mzuri kuliko wa manesi wengi. Asubuhi moja, jioni moja. Dawa naiweka kwenye chupa iliyozibwa vizuri, chupa naiweka ndani ya mtungi wenye mchanga mbichi, kwa sababu umeme wa Ujiji hauna miadi na mtu. Sindano ikishaingia, mtoto lazima ale. Asipokula, dawa inaendelea kuishusha sukari, na hapo ndipo anapotetemeka, anatoka jasho, anaanguka.

Hidaya alikuwa anakula. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi. Boti za dagaa hutua alfajiri na afisa uvuvi anayefika mchana hana kazi ya kufanya, kwa hiyo nilikuwa namchoma sindano, namwachia uji kwenye chupa ya chai, naondoka. Nyumbani alibaki na bibi yake, mama mkwe wangu Bi Mwanvua, ambaye akishaswali alfajiri hurudi kitandani na hata nyumba ikiungua hataki kuambiwa.

"Ulikunywa uji?" nilimwuliza pale kitandani hospitali, dripu ikiwa bado mkononi.

"Nilikunywa, mama."

"Wote?"

"Wote."

Daktari wa kliniki ya sukari ya watoto ni Dokta Melania, mwanamke mfupi wa Kasulu asiyepoteza neno. Ndiyo maana tunaelewana. Aliniita pembeni.

"Dozi nimeipunguza mara mbili," alisema. "Siku nyingine sukari inapanda mpaka naogopa, siku nyingine inashuka mpaka chini kabisa. Nikipunguza tena atalazwa kwa kupanda. Kuna kitu hatukioni, Mama Hidaya. Na ubongo wa mtoto hauvumilii kukosa sukari namna hii. Kuna siku ataanguka hataamka."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Jumatano njoo kliniki. Nina mwenzangu hapa sasa, mwanasaikolojia."

Nilimtazama. Mwezi wa saba alikuwa ameniandikia nimpeleke mtoto kwenye lile jengo la nyuma, la wagonjwa wa akili. Sikwenda. Lile jengo kila mtu analijua. Ukionekana pale asubuhi, jioni Ujiji nzima imeshakuja kukupa pole.

"Mwanangu si kichaa," nilisema.

"Sijasema ni kichaa. Na si jengo la nyuma. Anakaa chumbani kwangu, meza yake iko pembeni ya yangu. Foleni ni ile ile, benchi ni lile lile. Kila mtoto wa Jumatano anaonwa na sisi wote wawili, awe na tatizo au asiwe nalo. Wako hatatengwa peke yake."

Niliuliza foleni inaanza saa ngapi.

Jumatano tulikwenda. Meza ilikuwa pale kweli, meza ya mwanafunzi, ndogo, na nyuma yake kijana mrefu mwembamba ambaye magoti yake hayakuingia chini ya meza. Aliinuka, akaniamkia vizuri, akasema jina lake ni Dismasi, mtu wa Buhigwe. Siku nyingine za wiki alifanya kazi kambini Nyarugusu, kwa watoto waliovuka kutoka Burundi.

"Mwanangu si mkimbizi," nilimwambia.

"Najua, mama. Ana kisukari. Na hii ni kliniki ya kisukari."

"Wewe unatibu nini?"

"Mimi nauliza maswali zaidi."

"Hata mimi nauliza. Nauliza kila siku."

"Anakujibu?"

"Anajibu kwamba anakula."

Dokta Melania alikuwa anampima Hidaya kidole, kichwa kimeinama, lakini niliona mdomo wake ukicheza.

Dismasi alitaka nimsimulie siku moja ya kuanguka, tangu kuamka. Nilimsimulia. Sikuona aibu, kwa sababu katika mambo ya dawa mwanangu ni mfano.

"Kwa sindano hakimbizwi," nilisema. "Siku nyingine ananiamsha yeye mwenyewe, kabla ya adhana ya alfajiri. 'Mama, nichome mapema.' Giza bado. Niambieni mmeona wapi mtoto wa miaka kumi na mmoja wa namna hiyo."

"Siku zote anakuamsha?" Daktari aliuliza.

"Nimesema siku nyingine."

"Kabla ya adhana," Dismasi alirudia, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Alimtazama Hidaya. Hidaya alikuwa anatazama viatu vyake.

Nataka nieleweke hapa. Watu wazima mle ndani walikuwa Wakatoliki wawili na Mwislamu mmoja, mimi, niliyekuwa na usingizi wa miezi. Mtu mwingine yeyote wa Ujiji angeshajua.

Dismasi akaomba akae na Hidaya barazani. Dirisha lilikuwa wazi, niliwaona. Alitoa ubao wa drafti na vifuniko vya soda, wakaanza kucheza. Drafti. Mimi nimeacha Kibirizi, mtoto kafukuzwa shule, na mwenzetu anacheza drafti kwa mshahara.

"Anashinda nani?" Dokta Melania aliuliza huku akimpima mtoto mwingine.

"Hidaya."

"Vizuri. Anayeshinda huongea."

Waliongea. Nilimwona mwanangu akieleza kitu kwa mikono, kirefu, kama anavyomweleza bibi yake jinsi ya kutumia simu. Kwangu alikuwa na maneno mawili tu, *ndiyo mama* na *wote mama*. Sitasema haikuniuma.

Dismasi alirudi peke yake kwanza.

"Ameniambia jambo," alisema. "Nimemwambia siwezi kukaa nalo peke yangu, kwa sababu linagusa uhai wake, na daktari lazima alijue. Lakini atalisema mwenyewe, kwenu wote wawili. Anaomba kitu kimoja tu kwako, mama. Usimkatize."

"Nimkatize nini? Mimi lini nime..."

"Kama hivyo," alisema Dismasi.

Dokta Melania alicheka waziwazi. Nikakaa.

Hidaya aliingia, akasimama katikati ya zile meza mbili, akaanza. Alianzia mwezi wa tano.

Mwezi wa tano mume wangu Pazi, ambaye ni nahodha wa boti la mizigo, alichukuliwa kupeleka unga na maji Kagunga na kurudi na watu. Mnaukumbuka wakati ule. Warundi maelfu walikuwa wamelala ufukweni chini ya mlima, hakuna barabara, hakuna vyoo, na kipindupindu kikawaingia. Pazi alisema atakuwa huko siku mbili. Wiki ikapita, simu haipatikani.

"Bombani wanawake walikuwa wanasema Kagunga watu wanazikwa kila siku," Hidaya alisema. "Bibi alikuwa analia akidhani sioni. Nikamwuliza mama. Mama akasema baba yuko kazini, kula."

Hayo nilisema. Yalikuwa kweli.

"Madrasa tulikuwa tunasoma nadhiri. Kwamba mtu anaweza kumwahidi Mungu, akipata anachoomba, atimize. Na usipotimiza ni vibaya. Nikaahidi. Nikasema, baba akirudi mzima nitafunga mwezi mzima. Halafu kesho yake asubuhi baba akarudi."

Alimtazama Dismasi. Dismasi akaitikia kwa kichwa.

"Nilitaka kulipa Ramadhani, lakini mlinikataza. Wewe na dokta. Mlinisimamia mpaka nikala. Baada ya Idi nikaanza kulipa. Jumatatu na Alhamisi, kwa sababu ndizo siku nzuri za kufunga. Sindano nachomwa kabla ya adhana ili isije ikafunguza saumu yangu. Mama ukiondoka, uji nawapa bata."

Bata wetu. Walikuwa wamenenepa mpaka majirani wananiuliza nawalisha nini, na mimi nawajibu kwamba ni pumba.

Niliinuka. Sijui nilikuwa nataka kusema nini, lakini lilikuwa kubwa. Dismasi hakunizuia, alinitazama tu, nami nikakumbuka nilichoombwa. Nikakaa tena. Kiti kilipiga kelele kwa niaba yangu.

"Umebakisha siku ngapi?" niliuliza baadaye, kwa sauti niliyoiona ni ya kawaida.

"Nyingi. Baba akienda tena Kagunga, naongeza."

Pazi alikuwa anakwenda Kagunga karibu kila wiki.

Dokta Melania aliweka kalamu chini. "Hidaya. Unakumbuka nilivyokwambia kuhusu sindano bila chakula?"

"Nakumbuka, dokta. Naweza kufa."

"Na bado ukafunga?"

"Bora mimi nianguke darasani kuliko baba aanguke ziwani."

Alilisema bila kulia, kama mtu anayetaja bei. Nje gari la kampeni lilipita na vipaza sauti vyake, tukalingoja wote lipite.

Nilikuwa wa kwanza kusema, kwa kuwa ndiyo tabia yangu. "Basi, imekwisha leo. Daktari kakataza, mimi nimekataza. Hakuna kufunga tena, hakuna nadhiri. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

Dismasi alinifuata nje, penye benchi. "Umeisikia hiyo 'ndiyo mama'?"

"Nimeisikia."

"Ni ile ile ya uji."

Nilikuwa nimeshaona. Nilikuwa nimeona mtoto akifunga mlango palepale mbele yangu, kwa adabu zote.

"Mimi na Dokta tunaweza kumwambia saumu inamdhuru," alisema. "Anajua kuliko sisi. Lakini yeye anaamini ndiye anayemshikilia baba yake juu ya maji. Ukimwambia aache, umemwambia aachie. Lazima afunguliwe na mtu anayemwamini katika hilo. Mimi ni Mkatoliki wa Buhigwe, mama. Sina ufunguo huo. Nani anao?"

"Mwalimu Abdulmajid. Wa madrasa."

"Naweza kuja nanyi?"

"Utavua viatu."

"Nina soksi nzima," alisema.

Tulikwenda Jumamosi, alasiri. Nilimburuta na Pazi, ambaye alikuwa amerudi usiku wa kuamkia siku hiyo na hakutaka kwenda kokote. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Ukimwambia nyumba inaungua atauliza ni chumba gani. Nilipomsimulia habari ya nadhiri alianza kupangusa mikono yake iliyokuwa haina kitu.

"Kwa ajili yangu," alisema.

"Kwa ajili yako."

"Na hakuna aliyeniambia?"

"Hakuna aliyejua, Pazi. Isipokuwa bata."

Mwalimu Abdulmajid alitupokea barazani kwake. Ni mzee mnene, mpole, ana sauti ambayo watoto humwiga akiwa hayupo. Alipomaliza kusikia, alishika ndevu zake akamtazama Hidaya kwa huzuni.

"Somo lile nililifundisha mimi," alisema. "Nilidhani mnasinzia. Kumbe kulikuwa na mmoja anasikiliza."

"Nilisikiliza, Mwalimu."

"Basi sikiliza tena, maana hukumaliza somo. Kwanza, wewe hujabaleghe. Nadhiri ya mtoto haimfungi. Pili, saumu inayokuua si ibada. Mungu hajamwomba mgonjwa ajiue ili kumfurahisha. Umeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilimtazama Dismasi. Alikuwa ameketi karibu na mlango, na soksi zake nzima. Naye aliisikia hiyo 'ndiyo'.

"Mwalimu," alisema kwa adabu, "samahani, mimi ni mgeni katika haya. Kama mtu mzima angeshindwa kutimiza nadhiri yake, angefanya nini? Kuna kitu cha kufanya?"

"Kipo. Kafara. Hulisha masikini kumi."

Hidaya aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. "Nikilisha kumi, imekwisha?"

"Kwako imekwisha hata sasa, mwanangu, nimekwambia. Lakini kama moyo wako hautulii, lisha. Kulisha watu hakumdhuru mtu."

"Yote? Na zile nilizoongeza?"

"Yote."

Alifikiri. Akauliza lile tulilokuwa tunaliogopa, mimi na yule kijana wa Buhigwe.

"Na baba akienda tena?"

Mwalimu akashika tena ndevu zake. Akamgeukia Pazi. Sote tulimgeukia Pazi.

Pazi alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu liko humo.

"Hidaya," alisema. "Nikiona wingu jeusi nikiwa Mwamgongo, njiani kurudi, nafanya nini?"

"Sijui."

"Sivuki. Nafunga boti, nalala hapo hapo. Wenzangu wananicheka, wanasema nahodha Pazi ni bibi harusi, hataki kulowa. Nawaacha wacheke. Mungu ndiye anayenirudisha, ni kweli. Na ananirudisha kwa kunipa akili ya kulala Mwamgongo. Hakuhitaji wewe ulale njaa."

"Na kipindupindu?"

Pazi alinitazama kidogo, kisha akamrudia mtoto. "Mwezi wa tano niliogopa."

"Uliogopa?" Hidaya alisema.

"Sana. Nilikuwa nachemsha maji mpaka sufuria ikatoboka. Sikumshika mtu mkono. Simu iliisha chaji siku ya kwanza na pale hapakuwa na pa kuchajia, kulikuwa na watu tu. Usiku nilikuwa nakaa botini nawaza nyie mnawaza nini." Alirudisha kofia kichwani. "Ningejua wewe unawaza hivyo, ningeogelea."

Sijawahi kumsikia mume wangu akisema maneno mengi namna ile kwa mkupuo, na nimeishi naye miaka kumi na mitatu. Hidaya alihama kutoka kwangu, akaenda kukaa upande wake.

Dismasi hakuongeza hekima yoyote, na kwa hilo nilimheshimu. Aliuliza tu maswali ya kawaida: Pazi akiwa safarini, habari zinaweza kufika vipi? Mwamgongo simu inashika ukipanda juu kidogo. Kagunga mara inashika, mara haishiki. Ikishindikana, boti la kwanza linaloshuka Kibirizi linaweza kuleta salamu, na Kibirizi nipo mimi. Na Hidaya, hofu ikimshika kabla ya salamu kufika, atamwambia nani? Alisema atamwambia mama. Dismasi akamwuliza mama atajibu nini. Wote wakanitazama.

"Sitasema 'kula'," nilisema. "Nitasema kwanza kingine. Halafu nitasema kula."

Kafara tuliifanya Alhamisi iliyofuata. Siku aliichagua Hidaya mwenyewe, na nilielewa kwa nini: ilikuwa siku ya saumu zake. Alikuwa bado hajarudi shule. Dokta Melania alikuwa amesema atamwandikia mwalimu mkuu sukari ikitulia wiki mbili.

Tulipika wali na migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwa letu, na maharage kwa wasio na meno. Bi Mwanvua alitoa masinia mawili makubwa. Hidaya akayakataa.

"Nataka sahani."

"Watu wanakula sinia, mjukuu wangu. Sahani za nini, hoteli?"

"Kwenye sinia sitaweza kuwahesabu."

Tukaazima sahani kwa majirani. Watu wanne walikuwa wazee wa mtaani kwetu. Sita walikuwa wameshuka na boti la Pazi, mama mmoja na watoto wake na bibi yao, wakingoja basi la kambini. Hidaya aligawa mwenyewe, akitembea na kidole hewani. Alipofika kumi alipumua kwa nguvu hata mimi jikoni nikasikia.

Nilimpima kidole. Sindano ya asubuhi nilikuwa nimeisogeza, kwa ruhusa ya Dokta Melania, mpaka chakula kiive, nikamchoma muda mfupi kabla, na sasa ilibaki kazi moja. Nikapakua sahani nyingine, nikaiweka ukumbini kwenye mkeka, nafasi iliyokuwa wazi kando ya bibi Mrundi.

"Hiyo ya nani?" Hidaya aliuliza. "Kumi wametimia."

"Wametimia. Hiyo ni yako."

Jua lilikuwa juu kabisa. Alhamisi. Alikaa mbele ya ile sahani, mikono mapajani. Nilikuwa na maneno mengi na nikayashika yote kwa meno. Pazi alikuwa mlangoni, hakusogea.

Yule bibi hakujua lolote kuhusu nadhiri wala sukari. Aliona mtoto mwenye nyumba hali chakula mbele ya wageni, na kwao kama kwetu hilo halipendezi. Alivunja kipande cha mgebuka kutoka sahani yake, akakiweka katika sahani ya mwanangu.

"Rya, mwana wanje," alimwambia kwa Kirundi, yaani kula, mwanangu.

Hidaya alimtazama baba yake pale mlangoni, mzima, na viatu vyenye matope ya ziwa. Akasema bismillahi, akala.

Nilirudi jikoni. Nilikuwa na kazi jikoni.

Msidhani iliishia pale. Jumapili Pazi alikwenda tena Kagunga. Jumatatu, giza bado, nilihisi mkono begani.

"Mama. Nichome mapema."

Nilikaa kitandani. Zamani ningempongeza. "Kuna nini?" nilimwuliza.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akasema, "Baba hajapiga simu."

"Najua. Hata mimi naingoja. Sijalala vizuri."

"Na wewe?"

"Na mimi. Unadhani mimi ni jiwe?"

Hakujibu hilo, nadhani kwa heshima. Akapanda kitandani kwangu, jambo ambalo hajafanya tangu akiwa mdogo, na tukakaa tukisikiliza. Adhana ilipita. Tuliswali. Kulipopambazuka ndipo nilipomchoma, nikamimina uji vikombe viwili, nikakaa naye jikoni. Simu yangu iliita. Ilikuwa Kibirizi, wanauliza afisa yuko wapi, boti zimetua.

"Waambie dagaa hawana miguu," nilisema, nikakata.

Hidaya alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili. "Uji hauna sukari," alisema.

"Hauna, na hautakuwa nayo."

"Hauna hata ladha."

"Bata hawakuwahi kulalamika."

Alicheka, akaona haya, akanywa. Alikunywa wote, mbele ya macho yangu, na simu ya baba yake ilikuwa bado haijaita. Iliita baadaye kidogo, kutoka Mwamgongo, na upepo mwingi ndani yake.

Bata walikuwa wamesimama mlangoni wamejipanga, kama walivyozoea kila Jumatatu. Walisubiri sana. Mwishowe wakaondoka mmoja mmoja, wakanuna.